Kabla Hujaufuta Ukuta, Jua Kwanza Historia Yake

Leo sina stori ya staa kaachana na nani wala nani kaonekana wapi usiku wa manane. Leo nina stori ya ukuta. Usinicheke kwanza, shuka nayo mpaka chini ndo utanielewa.

Iko hivi. Mwezi uliopita tumehama. Nyumba tuliyokaa miaka kumi na nne, vyumba viwili na sebule, mwenye nyumba kaitaka. Alikuja jumapili asubuhi, tukamwamkia shikamoo, akapewa kiti, akanywa chai yake taratibu. Alivyomaliza akamgeukia mama, akamwita kwa jina langu kama watu wanavyowaita mama zetu, akasema, "Sina ubaya na nyinyi. Ila nyumba niikute kama nilivyowapa. Kuta hizi jamani. La sivyo fundi rangi mtamlipa nyinyi."

Akaondoka. Mama akanyamaza. Nyie mnaojua kuhama mnajua: kodi ya miezi sita kule mnakoenda, gari la kubebea vitu, dalali naye mkono uko nje. Hela ya fundi rangi ingetoka wapi?

Nikaziangalia zile kuta kama vile ndo naziona mara ya kwanza. Sebuleni, juu ya kochi, kuna alama ya mafuta ya nywele pale tunapoegemeza vichwa. Kwenye korido mdogo wangu kachora familia nzima kwa krayoni, mimi kanipa kichwa kikubwa kuliko mwili. Jikoni ni masizi ya miaka ya mkaa kabla hatujanunua mtungi wa gesi. Na nyuma ya mlango wa jikoni kuna maandishi ya penseli, mwandiko wa marehemu baba. Baba alikuwa na tabia ya kuandika ukutani tarehe ya kila mtungi mpya, ili ajue umekaa siku ngapi. Mtungi, tarehe. Mtungi, tarehe. Pembeni namba ya fundi bomba. Ile orodha iliishia mwaka 2019 alipofariki, na hakuna aliyeiendeleza.

Basi nikaingia mtandaoni kutafuta jinsi ya kutoa madoa ukutani. Nilitafuta dakika tano, nikatoka baada ya masaa manne, kwa sababu nilikuta kitu sikukitegemea: kumbe huu ukuta una historia ndefu kuliko ya wasanii wote niliowahi kuwaandika humu.

ZAMANI UKUTA HAUKUFUTWA, ULIPAKWA UPYA

Tuanzie nyumbani. Pwani yetu hii, kuanzia Lamu, Mombasa, Zanzibar mpaka Kilwa, nyumba za mawe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na kupakwa chokaa. Chokaa yenyewe nayo ni matumbawe. Unayapanga juu ya lundo kubwa la kuni, unawasha moto, unayachoma mpaka yanalainika. Kisha unayamwagia maji, yanachemka yenyewe bila moto. Unapata uji mweupe, ndo unapaka ukutani.

Sasa hapa kuna sayansi tamu. Ule uji ukikauka unavuta hewa ya kaboni, halafu unarudi kuwa kitu kilekile ilichokuwa kabla ya kuchomwa, yaani kama jiwe. Kwa hiyo ukuta wa chokaa ni jiwe jembamba sana lililopakwa juu ya jiwe jingine. Na chokaa ikiwa mbichi ni kali, inaua vijidudu. Ndo maana vyoo na zahanati vilikuwa vinapigwa chokaa.

Sasa doa likiingia kwenye ukuta wa chokaa, unafanyaje? Hufanyi kitu. Ukisugua na maji, chokaa yenyewe inatoka na kitambaa. Unachofanya ni kusubiri, ikikaribia sikukuu unapaka tabaka jingine juu. Doa halikutoka, limefunikwa.

Bara nako hivyohivyo. Nyumba ya udongo inakandikwa, inasiribwa kwa udongo laini, sehemu nyingine wanachanganya na kinyesi cha ng'ombe au majivu. Ukuta ukichafuka au ukipasuka, bibi zetu waliusiriba upya. Neno "kufuta ukuta" kwao lisingekuwa na maana sana. Uchafu wa ukuta haukuwa kosa la mtu, ulikuwa ni ishara kwamba muda wa kusiriba umefika.

MKATE NDANI YA KANISA LA PAPA

Wakati huku watu wanapaka juu, kuna sehemu ambazo huwezi kupaka juu hata kidogo. Mfano Kanisa la Sistine kule Vatican. Michelangelo alichora dari lake kuanzia mwaka 1508 mpaka 1512. Nani atapitisha brashi juu ya kazi ya Michelangelo? Lakini mishumaa ilikuwa inawaka mle ndani kila siku, na masizi hayajui huyu ni Michelangelo au ni mimi na jiko langu la mkaa. Picha zikaanza kuwa nyeusi.

Mwaka 1625 akapewa kazi fundi mmoja aitwaye Simone Lagi. Unajua alisafisha na nini? Kitambaa cha kitani na mkate. Ndio, mkate huu wa kula. Nyama ya ndani ya mkate ni laini, inanata kidogo, ukiipitisha ukutani inabeba vumbi na masizi bila kukwaruza. Wala hiki hakikuwa kioja. Kabla watu hawajaanza kutumia mpira kufutia penseli, mnamo mwaka 1770 huko Uingereza, kifutio cha penseli kilikuwa ni mkate. Na Ulaya watu waliendelea kusafishia kuta kwa mkate mkavu miaka mingi baadaye.

Stori ya Sistine haikuishia hapo. Kati ya mwaka 1980 na 1994 zile picha zikasafishwa upya, safari hii kwa utaalamu mkubwa. Rangi zilizotokea ziliwashtua watu: kijani cha kung'aa, chungwa, waridi. Wengine wakashangilia. Wengine, wakiwemo wachoraji na wasomi wa sanaa, wakaja juu, wakasema mmesugua kupita kiasi, mmetoa na vivuli alivyovipaka Michelangelo mwenyewe mwishoni. Huo ubishi upo mpaka leo, na hauwezi kuisha, kwa sababu kilichoshafutwa hakirudi.

Hiyo sentensi ya mwisho ikumbuke, tutairudia.

DONGE LA UNGA LILILOGEUKA MCHEZO

Hii sasa ndo iliyonimaliza. Twende Marekani, mji wa Cincinnati, miaka ya 1930. Nyumba nyingi kule zilikuwa zinapashwa joto kwa makaa ya mawe, na makaa ya mawe yana masizi balaa. Halafu kuta zao hazikuwa na rangi, zilikuwa zimebandikwa karatasi za maua, kama hizi zinazobandikwa siku hizi kwenye saluni za mjini. Tofauti ni kwamba zile zilikuwa karatasi kweli. Ukizipitishia kitambaa chenye maji, umezichana.

Sasa unatoaje masizi kwenye karatasi bila maji? Kampuni moja ya sabuni, Kutol, iliyokuwa hali mbaya kifedha, ikaja na jibu. Mwanafamilia mmoja, Noah McVicker, akatengeneza donge laini la unga, maji na chumvi pamoja na vikorombwezo vingine. Unalikandamiza ukutani, unalivingirisha, linaondoka na masizi. Ukiangalia vizuri ni ule ule mkate wa Vatican, ila haujapita kwenye oveni. Kampuni ikapona.

Halafu ikaisha Vita Kuu ya Pili. Watu wakahamia kwenye gesi na mafuta, masizi yakapungua. Zikaja karatasi za ukutani za plastiki zinazooshwa kwa maji na sabuni. Rangi za maji za kisasa nazo zikaingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1940. Nani tena anahitaji donge? Kampuni ikaanza kuzama mara ya pili.

Aliyeiokoa alikuwa mwalimu wa chekechea. Anaitwa Kay Zufall, shemeji wa mmoja wa wenye kampuni, Joe McVicker. Watoto wake darasani walikuwa wanapata tabu na udongo wa kufinyangia kwa sababu ulikuwa mgumu. Akasikia lile donge la kusafishia kuta ni laini na halina sumu, akawapa watoto wafinyange mapambo ya Krismasi. Watoto wakalipenda kupita maelezo. Akamwambia shemeji yake, hii kitu siyo sabuni, hii ni kitu ya kuchezea. Mwaka 1956 ikaingia sokoni kama mchezo, na jina lake ni Play-Doh. Ndo yale madonge ya rangi kwenye vikopo unayoyaona supamaketi sehemu ya watoto.

Yaani kitu kilichotengenezwa kusafisha ukuta kimeishia mikononi mwa watoto, ambao ndo wachafuzi wakuu wa kuta. Dunia hii!

Na krayoni je? Kampuni iliyotoa krayoni za Crayola mwaka 1903, sanduku la rangi nane kwa senti tano, kabla ya hapo ilikuwa inauza rangi nyekundu za kupakia mabanda ya wakulima, na rangi nyeusi iliyotokana na masizi. Masizi tena. Na krayoni ni nta. Nta na maji hawaelewani, ndo maana ukiosha mchoro wa krayoni kwa maji matupu unaupaka tu unakuwa mpana.

RANGI YA MAFUTA NA SIRI YAKE

Hapa naomba mpunguze utani, hasa wenye watoto.

Nyumba nyingi za kupanga mnazijua: ukuta nusu ya juu rangi ya maji, nyeupe au krimu, nusu ya chini rangi ya mafuta, bluu, kijani au kahawia. Shuleni hivyohivyo, zahanati hivyohivyo. Sababu yake ni hii stori yetu. Nusu ya chini ndo inaguswa, ndo inapigwa mateke, ndo inaegemewa, na rangi ya mafuta inavumilia kuoshwa. Ukuta wa namna hiyo ni ukuta wa mtu aliyejua kabisa kwamba wanadamu wataishi humo.

Shida ni kilichokuwa ndani ya rangi za mafuta za zamani: madini ya risasi. Yaliifanya rangi iwe nzito, ing'ae, idumu. Mwaka 1904, daktari mmoja wa Queensland, Australia, J. Lockhart Gibson, aliandika kwamba watoto waliokuwa wanaletwa hospitali wakiwa na sumu ya risasi walikuwa wanaipata kwenye rangi za kuta na vizuizi vya baraza za nyumbani kwao. Wanashika, wanaweka vidole mdomoni. Basi, imeisha hiyo.

Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani likapitisha mkataba wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi ndani ya majengo. Marekani ilikuja kupiga marufuku risasi kwenye rangi za nyumbani mwaka 1978. Hesabu mwenyewe: kutoka onyo la yule daktari ni miaka 74. Watoto wangapi walikua katikati hapo? Risasi inaathiri ubongo wa mtoto, na ikishaharibu hakuna dawa ya kurudisha.

Sasa nawaambia kwa nini hii sehemu imenigusa. Siku ya kwanza ya usafi nilinunua msasa. Nikajifanya fundi, nikaanza kupiga msasa mkavu ile nusu ya chini ya jikoni, rangi ya kijani ya zamani, nyumba ya miaka ya sabini. Vumbi la kijani likajaa jiko zima. Mdogo wangu wa miaka sita yupo pembeni ananisaidia, anachora na kidole kwenye lile vumbi. Usiku ule ndo nikasoma habari za yule daktari. Sikulala vizuri, nisidanganye.

Kesho yake msasa niliutupa. Tukapitisha kitambaa kibichi kila sehemu, sakafuni, dirishani, mezani, mtoto akakaa kwa jirani. Kwa hiyo mdau wangu, kama nyumba ni ya zamani na rangi ni ya mafuta, usipige msasa mkavu, usibandue kwa kisu. Futa kwa maji na sabuni, taratibu, na kama inabanduka yenyewe watoto wasikae hapo.

SPONJI NYEUPE

Kuna zile sponji nyeupe nyepesi kama hewa, zinauzwa mpaka na wamachinga barabarani. Watu wanasema zina dawa ndani. Hazina dawa. Zimetengenezwa kwa melamini, ndugu wa zile sahani ngumu za plastiki. Kampuni ya BASF ya Ujerumani ilikuwa inatengeneza hilo povu kwa ajili ya kuzuia kelele na joto kwenye majengo. Baadaye sana ndo ikagundulika kwamba ukililowesha linafuta madoa, Wajapani wakawa wa mwanzo kuliuza hivyo, na mwaka 2003 likaingia Marekani kwa jina la Magic Eraser.

Siri yake ni kwamba lile povu likilowa ni msasa mdogo sana, mdogo kiasi kwamba mkono wako hausikii. Kwa hiyo linafuta doa pamoja na ngozi ya juu ya rangi. Kwenye rangi ya kung'aa litakuachia baka lililofifia. Jaribu kwanza nyuma ya kabati, usianzie katikati ya sebule kama nilivyofanya mimi.

ALAMA AMBAZO LEO ZINALINDWA

Nimalizie na hii. Nenda Fort Jesus, Mombasa, ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593. Kuna ukuta humo wenye michoro ya meli, watu na makanisa. Hawakuchora wasanii wakubwa. Ni mabaharia na walinzi wa Kireno tu, wamekaa zamu, wamekumbuka kwao, wakachora ukutani. Ukiwa kamanda wa wakati ule ungesema hao vijana wameniharibia ukuta. Leo michoro hiyo ipo kwenye makumbusho, na watu wanalipa kiingilio kwenda kuiona.

Kwenye magofu ya Gedi karibu na Malindi, na ya Kilwa na Songo Mnara, kuna michoro ya majahazi iliyokwaruzwa kwenye lipu. Gedi kuna nyumba imepewa jina kwa sababu ya mchoro wa jahazi ulioko ukutani. Mtu fulani karne nyingi nyuma alichukua kitu chenye ncha akachora. Jina lake halijulikani. Labda alikuwa mtoto, labda mama yake alimchapa. Wataalamu leo wanaisoma ile michoro kujua majahazi ya kale yalikuwaje.

TULIMALIZAJE

Siku tatu. Jikoni masizi tuliyapiga na brashi kavu kwanza, maji baadaye, maana ukianza na maji masizi yanageuka wino. Mafuta ya sebuleni tulitoa kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo. Krayoni tuliipashia joto kwa drayeri ya jirani, ikalainika, tukaifuta kwa kitambaa chenye sabuni. Familia yetu yote ikaondoka ukutani, kichwa changu kikiwa cha mwisho.

Ikabaki nyuma ya mlango wa jikoni. Penseli ni kitu rahisi kuliko vyote, kifutio cha shule kinamaliza kazi kwa dakika mbili. Nilikuwa nimekishika kabisa. Mama akasema, "Hapo paache kwanza." Tukapaacha. Jioni nikapapiga picha, yeye akazisoma tarehe moja moja kwa sauti ya chini, akafika ya mwisho, akaenda kufunga maboksi.

Mwenye nyumba akaja asubuhi. Akakagua sebule, korido, akatikisa kichwa kuonyesha kwamba karidhika. Akaingia jikoni, akaufunga mlango, akayaona. Mimi moyo huo! Akasimama pale akisoma. Baba na yeye walikuwa wanacheza bao pamoja zamani. Akauliza, "Huu si mwandiko wake?" Mama akasema ndio. Mzee akakaa kimya kidogo, akasema, "Msihangaike nao. Fundi atapita juu."

Kumbe fundi rangi alikuwa ameshapangwa muda wote, ndoo zilikuwa kwenye gari. Mpangaji mpya anataka rangi nyingine. Siku tatu za kusugua, wadau! Mama alicheka mpaka akakaa chini. Ila hatukudaiwa hata shilingi.

Kwa hiyo yale maandishi hayajafutwa. Yamefunikwa, kama walivyofanya wazee na chokaa yao. Yupo mtu sasa hivi anapika chakula kwenye lile jiko, na nyuma ya mlango, chini ya tabaka moja la rangi ya krimu, kuna tarehe za mitungi yetu.

Haya, zamu yako. Kwenu ukutani kuna alama gani ambayo hakuna anayeruhusiwa kuifuta? Dondosha komenti hapo chini. Na aliyefanikiwa kutoa wino wa peni kwenye rangi ya maji bila kuacha baka, tafadhali asituchunie, atupe hiyo siri.